Injinia wa Tramu na Kengele ya Got Kineno

Wapo watu ambao wakisikia kengele ya shule hukumbuka viboko. Jacktone alipoisikia ile ya Shule ya Msingi ya Got Kineno, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, alikumbuka pesa. Tena si pesa zake, kwa sababu zake zilikuwa zimeishia Migori.

Huko Migori alikuwa ameuza mashine ya kunusa dhahabu. Wachimbaji wa dhahabu ni watu wavumilivu sana, mpaka siku watakapofungua mashine na kukuta ndani redio iliyokufa na kitunguu saumu. Jacktone hakungoja kuona mwisho wa uvumilivu wao. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai mbele ya shule asiyoijua, suti imejaa vumbi, akitafuna andazi polepole kama mtu aliyekwisha kuamua kwamba andazi hilohilo ndilo chakula cha mchana.

Ngaaa! Ngaaa!

Akageuza shingo. Haikuwa kengele hasa. Kilikuwa kipande cha reli, chuma halisi cha gari moshi, kimening'inizwa kwa waya kati ya nguzo mbili, na mwalimu wa zamu alikuwa akikigonga kwa boliti kama vile kimemtukania mama.

"Mama," akamuuliza mwenye kibanda, "kwani reli ilipita hapa?"

"Reli!" Joyline, mwenye kibanda, alicheka mpaka akaweka birika chini. "Yawa! Hapa kwetu hata lami iliona haya, ikapita kule chini. Reli itafuata nini?"

Mtu wa kawaida angemaliza chai yake akaenda zake. Lakini kichwa cha Jacktone hakikuwahi kufanya kazi za kawaida, na labda hiyo ndiyo sababu mwenyewe hakuwahi kuipata kazi ya kawaida. Alikitazama kile chuma, akapiga hesabu. Palipo na kipande cha reli, reli nzima haiwezi kuwa mbali. Palipo na reli, pana ardhi ya reli. Mradi ukija juu ya ardhi hiyo, pana fidia. Na neno fidia likitajwa, hata mzee aliyelala hospitali huomba aletewe viatu.

Akalipa chai. Hilo peke yake lingewashtua waliomjua.

*

Duka la Mahmud pale mjini lilikuwa limejaa misumari, mabati, makarai na vitu vingine ambavyo mtu huvijutia nyumba ikifika kwenye lenta. Mahmud mwenyewe, mwembamba, kofia nyeupe kichwani, alikuwa na macho ya mtu aliyeuza saruji nyingi na kuona nyumba chache.

"Nataka rangi nyekundu," Jacktone alisema. "Na brashi. Na lile koti la kung'aa la watu wa barabara. Na helmeti nyeupe."

"Nyeupe ni ya injinia. Fundi anavaa ya manjano."

"Ndiyo maana nimesema nyeupe."

Mahmud akamkagua kuanzia viatuni. Viatu havikusema injinia. "Unajenga nini, ndugu yangu?"

"Taifa."

"Basi chukua brashi kubwa," alisema Mahmud, akashika pesa kwanza ndipo akaachia bidhaa. Wajenzi wa taifa walikuwa wateja aliowazoea.

*

Haukupita muda, Got Kineno nzima ikawa inazungumza habari za reli. Walimwona mtu wa helmeti nyeupe akivuta futikamba kutoka kisima hadi kanisani. Walimwona akipiga magoti katikati ya shamba la viazi, akilaza sikio chini, akifumba macho kama daktari.

"Ipo," alisema alipoinuka. "Imelala tu."

Siku ya soko aliwaita watu chini ya kile kibanda kikubwa cha mabati wanakouzia nafaka. Walikuja wengi. Mtu mwenye koti la kung'aa akiita mkutano katika nchi hii, watu hawaulizi katumwa na nani, wanauliza kama kutakuwa na soda.

"Wananchi, mnaijua tramu?"

"Ni dawa ya ng'ombe?" sauti ikauliza nyuma.

"Ni gari moshi lisilo na moshi. Linapita mjini katikati ya watu, kwa adabu, linasimama karibu na mlango wako, linakuchukua na gunia lako. Na miji iliyoendelea imegundua siri: huna haja ya kujenga reli mpya kila mahali. Wanaichukua ile ya zamani iliyoachwa ikaota nyasi, wanaipangusa, tramu inapita. Pale reli ingali na kazi ya treni, wanagawana. Mchana tramu, usiku treni ya mizigo."

"Wanagawanaje kitu kimoja?"

"Kama walinzi wawili wenye kitanda kimoja, baba. Huyu akitoka zamu, yule anaingia. Umewahi kusikia kitanda kikilalamika?"

Watu wakaangua kicheko, na ukiwachekesha watu wa Homa Bay umeshavua viatu sebuleni. Ubaya ni kwamba hayo yote ya tramu yalikuwa kweli tupu. Jacktone aliyasoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Uongo wake ulikuwa mdogo, wa mahali pamoja tu: kwamba kulikuwa na reli.

"Sasa ya kwenu," akaendelea, sauti ikishuka kama ya mhubiri anayekaribia sadaka, "Wazungu waliijenga toka ziwani hapa Homa Bay mpaka Migori. Wakaenda zao. Mvua ikaleta udongo, udongo ukaleta viazi, mkasahau. Mtaniuliza ushahidi uko wapi."

Akatazama saa yake kwa siri. Kule shuleni, mwalimu wa zamu akafanya kazi yake.

Ngaaa! Ngaaa!

"Ushahidi," Jacktone alisema taratibu, "unawaita watoto wenu darasani kila siku."

Mzee mmoja akasimama, akasema kweli, sasa anakumbuka, marehemu babu yake aliwahi kumwambia kwamba alikuwa akisikia treni usiku. Babu huyo alikuwa ameishi maisha yake yote Kisumu, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mtu mmoja tu hakuitikia kwa kichwa. Risper aliuza samaki pale sokoni, mama wa sauti nene na kanga mbili, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Upepo wa mvua za masika ulikuwa umelibeba paa la darasa la tatu ukalitupa bondeni, na tangu hapo darasa la tatu walisomea ndani ya darasa la nne, wamepeana migongo, hivi kwamba mtoto alisikia kutoa kwa sikio hili na kuzidisha kwa sikio la pili. Risper alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuomba mchango wa mabati. Wote walimwambia hali ni ngumu. Alikuwa amepita ofisi kwa ofisi. Huko walimpa kiti.

"Injinia, nyathina," alisema sasa, akimwita mwanangu kama anavyomwita kila mtu anayemtilia shaka. "Asubuhi reli yako ilikuwa nyuma ya kinu cha unga. Saa hii umesema iko mbele ya kanisa. Mbona inapepesuka kama mlevi?"

"Treni ndiyo hunyooka, mama. Tramu inapinda kufuata watu."

"Kufuata watu ama kufuata mifuko yao?"

Kicheko tena, na Jacktone naye akacheka, kwa kuwa alijua kucheka ni bei nafuu.

"Na hiyo tramu itatupatia mabati ya darasa la tatu?"

"Fidia ikifika, mama, mtaezeka vigae."

"Mimi sijaomba vigae," Risper alisema, akaketi. Macho yake yakatua kwenye mkoba mweusi aliokuwa nao Jacktone kwapani, yakakaa hapo muda mrefu.

*

Kila mtu nchini anaijua alama ya X. Ukiamka ukaikuta ukutani kwako kwa rangi nyekundu, maana yake nyumba yako imesimama njiani mwa mradi na tingatinga linajua jina lako. Kwa kawaida watu huilia. Ufundi wa Jacktone ulikuwa kuwafanya watu walie kwa kuikosa.

"Mwenye X ana fidia," alieleza. "Asiye na X, tramu itapita ikimpungia mkono."

Ada ya upimaji ililipwa taslimu, kwa sababu pesa ya simu huacha nyayo, ingawa yeye alilisema kwa namna nyingine: "Serikali haipokei pesa ya simu kwenye upimaji wa kwanza." Watu wakapanga foleni. Walewale ambao kwao hali ilikuwa ngumu walitoa noti kwenye soksi, chini ya godoro, ndani ya kopo la sukari. Aliyekuwa mbali na reli, reli ilimfuata nyumbani. Asiyekuwa na nyumba alisimamisha moja kabla ya jioni, ya nailoni na matumaini, mradi apate ukuta wa kuchorewa. Joyline wa chai, yuleyule aliyecheka mpaka akaweka birika chini, alikuja akivuta ng'ombe.

"Huyu ndiye analala njiani mwa reli," alisema. "Kila usiku. Hata umuulize."

Jacktone alimtazama ng'ombe. Ng'ombe alimtazama Jacktone. Akachovya brashi, akamchora X ndogo pajani, na akamtoza Joyline nusu bei kwa kuwa alijihesabu mtu wa dini.

Mkoba ulinenepa. Usiku aliulalia kama mto, na ndotoni uligeuka hoteli kule Sirare, ukivuka tu mpaka wa Isebania kuingia Tanzania, vyumba vyenye bafu ndani, na juu ya paa jina lake kwa taa za rangi: JACKTONE. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wake. Alipenda pesa kama sisi sote, lakini jina lake alilipenda zaidi. Angeweza kusimama barabarani akisikia mtu akiitwa Jackson, kwa tumaini tu.

Habari ikafika Migori, kwa kuwa reli yenye ncha moja Homa Bay lazima iwe na ncha nyingine mahali. Akaja Mwikwabe, Mkuria mwenye nyumba za kupangisha, tumbo limetangulia na kicheko kikifuata. Alitaka X kwa kila nyumba.

"Mura," alisema, akimwita kijana kwa Kikuria, mkono mzito begani mwa Jacktone, "hii reli inaishia kwangu, sivyo?"

"Inaishia pale unapotaka iishie, mzee."

"Sawa. Lakini mimi si mtoto. Nikienda kwa watu wa ardhi wataniuliza, karatasi iko wapi?"

Swali lilikuwa zuri. Mdomo wa Jacktone haukukingoja kichwa.

"Karatasi zinaungua, mzee. Mambo ya reli ni chuma. Mtu akiingia ofisini na kipande cha reli ya asili mkononi, huyo ndiye mwenye dai. Watasimama."

Alisema hivyo ili kumaliza mazungumzo. Mwikwabe aligeuka polepole, akatazama upande wa shule, ambako kitu fulani kilikuwa kikining'inia kati ya nguzo mbili. Kisha akalipa, na akaenda kununua samaki kwa Risper, na wakaongea sana kwa ajili ya samaki mmoja.

*

Jacktone alipanga kuondoka Ijumaa. Alhamisi, Risper akaja na kitambaa kilichokunjwa.

"Nyathina, Jumamosi tuna harambee ya paa. Mheshimiwa aliahidi kuja, sasa ametuma salamu. Hatuna mgeni wa heshima."

"Pole sana, mama. Nami kazi inaniita..."

"Hakuna neno. Ila tulikuwa tumeshamlipa mchoraji."

Akakikunjua. Lilikuwa bango la kutanda ukuta mzima, herufi ndefu kama mtoto wa chekechea: MGENI WA HESHIMA, MKURUGENZI WA TRAMU, INJINIA JACKTONE.

"Kama una safari, tutapaka rangi juu ya jina tuandike la mwingine," Risper alisema, akianza kulikunja. "Rangi nyekundu si imebaki?"

Jacktone alilisoma bango mara mbili. Mkurugenzi. Hata ndotoni hakuwa amefika cheo hicho.

"Harambee inaanza saa ngapi?" akauliza.

*

Walimketisha kwenye kochi lililoazimwa sebuleni kwa mtu, vitambaa vya kushonwa vikiwa bado mabegani mwa kochi hilo. Bango lilikuwa juu ya kichwa chake. Mkoba ulikuwa kati ya miguu yake. Alikuwa ameandaa bahasha moja nyembamba ya heshima, maana alijua mgeni wa heshima haji kula tu. Wanaume wa ohangla walikuwa wanapiga ngoma, na Risper ndiye aliyeshika kipaza sauti.

Aliye mgeni wa mambo haya aelezwe kidogo. Katika muziki wa Wajaluo kuna kitu kinaitwa pakruok. Ukiona moyo umejaa, unasimamisha muziki, unalipa, kisha unajisifu mbele ya watu: wewe ni nani, mama yako ni binti wa wapi, fahali gani anakuogopa. Jirani yako akiona umempita, naye anasimamisha, analipa zaidi, anajisifu kukuzidi. Wapo waliouza pikipiki katika wimbo mmoja.

Waliuza jogoo. Waliuza mkungu wa ndizi. Bahasha nyembamba ikaenda, ikapigiwa makofi membamba. Kisha Risper akasema, "Mwalimu Zablon, leta kile kitu."

Mwalimu mkuu na mwenzake wakaja wameinama, kipande cha reli mabegani. Walipokiweka mezani, meza ililia.

"Hii ni kengele yetu," Risper alisema. "Miaka hii yote tulikuwa tunaigonga bila heshima, mpaka Injinia alipotufungua macho. Huu ndio ushahidi wa reli! Leo tunaiuza. Watoto wataitwa kwa filimbi."

Jacktone aliona Mwikwabe akisimama kule nyuma, na jasho likaanza kumtembea mgongoni taratibu kama mtu anayetafuta nyumba.

"Bei ya mbuzi!" Mwikwabe alinguruma.

Ilikuwa wazi kabisa. Jumatatu asubuhi Mwikwabe angeingia ofisi ya ardhi Migori na reli begani, akingoja watu wasimame. Wangesimama kwa kucheka. Kicheko kingetoka nje, kingevuka barabara, kingefika kwa wachimbaji wa dhahabu wanaomtafuta mtu fulani wa mashine. Na mpaka wa Isebania, ule wa kwenda kwenye hoteli yake, huwezi kuufikia bila kupita Migori.

"Mbuzi wawili," Jacktone alisema.

"Ndama!"

"Ng'ombe!"

"Simamisha muziki!" Mwikwabe akatembea mpaka mbele, akaweka noti mezani. "Mimi ni Mwikwabe! Fahali wa Migori! Ninayemiliki mlango ambao tramu itaubishia hodi! Nani mwingine?"

Vigelegele. Ngoma ikarudi. Risper akamgeukia mgeni wa heshima, uso umejaa huruma.

"Injinia, umesikia? Ama Homa Bay tumezimwa, na jina lako liko pale juu?"

Alipaswa kufikiri. Lakini watu mia mbili walikuwa wanalitazama jina lake, na wengine walikuwa wanalisoma kwa sauti. Akajikuta amesimama, mkoba umefunguka.

"Simamisha muziki! Mimi ni Jacktone! Mtoto wa nyar Kabondo, binti wa Kabondo! Ninayesikia reli ikikoroma chini ya ardhi! Miji inanipigia simu, naiambia ingoje!"

Uwanja ukalipuka. Wanawake wakapunga leso. Noti zikaenda mezani, na Mungu ni shahidi, Jacktone hakuziona zikienda. Alikuwa anasikia jina lake.

"Imeuzwa kwa Injinia!" Risper akapaza sauti. "Na kama mnavyojua desturi yetu, mtu mkubwa akinunua kitu cha harambee habebi. Anakirudisha kiuzwe tena! Asante sana, Injinia!"

Jacktone hakuwa amefungua mdomo. Aliufungua. Akalitazama bango. Akaufunga.

"Ng'ombe na ndama!" akaita Mwikwabe, ambaye hakuwa akifanya mchezo hata kidogo, aliitaka reli ile kwa moyo wake wote.

Bei ikaingia zizini tena, ikatoka na ng'ombe wengi zaidi. Muziki ukasimama, ukaendelea, ukasimama. Mwikwabe alikuwa simba, Jacktone akawa radi. Mwikwabe alikuwa radi, Jacktone akawa yule anayeiamrisha. Akainunua mara ya pili, na ikarudishwa kwa niaba yake kabla hajakaa. Mara ya tatu mkoba ulikuwa umenywea kama soksi iliyolowa, na Mwikwabe akaketi akijipepea kwa kofia.

"Mura, basi," alisema. "Wewe ni mwanamume. Chukua chuma chako."

Jacktone aliikumbatia ile reli kwa mikono miwili.

"Hii," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "siirudishi!"

"Asirudishe!" Risper akaitikia, na umati wote ukaitikia naye. "Ni yake! Mbebesheni!"

*

Risper alimsindikiza mpaka langoni. Nyuma yao, Mwalimu Zablon alikuwa ameshaanza kuongea na fundi wa mabati.

"Mama," Jacktone alisema, reli imemlalia begani, "ulijua?"

"Nijue nini? Mimi ni muuza samaki." Risper akafunga kanga vizuri. "Ila kuna kitu kilinishangaza. Mwaka mzima nimewaomba hawa watu mabati. Huyu hana, yule mgonjwa, yule mvua imemharibia. Wewe ukaja na rangi nyekundu, kumbe wanazo! Nikasema, wacha huyu kijana atukusanyie. Ana mdomo kuliko kamati yangu yote."

Ni mara chache mtu huajiriwa bila kujua.

"Sasa nenda kabla wenye X hawajauliza tramu inafika saa ngapi. Nitawaambia umeitwa Nairobi. Wataamini. Kila mtu aliyewahi kutuahidi kitu yuko Nairobi."

"Na Mwikwabe?"

"Mwikwabe nilimwambia tu kuna mnada. Kushindana mlishindana wenyewe."

*

Pikipiki ilikubali kumbeba yeye na chuma chake mpaka mjini kwa malipo ya helmeti nyeupe. Mahmud alikuwa anafunga duka.

"Nauza," Jacktone alisema, akaitua reli kwenye ngazi. Ngazi ikapata ufa.

Mahmud aliinama, akaigeuza, akapangusa vumbi upande wa chini. Palikuwa na alama ndogo ya rangi ya bluu. "Hii ni yangu. Niliwauzia Got Kineno mwaka juzi."

"Wewe?"

Mahmud akasukuma mlango wa nyuma. Ndani vilikuwa vimepangwa kama kuni, vipande vya reli, kimoja juu ya kingine, vyote na alama ya bluu.

"Naletewa toka Isebania. Kila shule na kila kanisa kutoka hapa mpaka Migori wanataka. Mama Risper alipita jana, akachukua kingine. Akaniambia kengele ya zamani imeposwa."

Jacktone aliketi juu ya mchumba wake. Baadaye akasema, "Basi nirudishie hata nusu ya bei ya dukani."

"Kengele nauza, ndugu yangu, sinunui." Mahmud akafikiri, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Lakini shule moja ya Magunga imeshanilipa yao, na sina wa kuwapelekea. Peleka hiyo yako, mimi nitabaki na moja ya hizi. Jumatatu gari la mkaa linarudi huko tupu, nitamwambia dereva. Watakupa chakula cha mchana, na nauli ya kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Hapo sasa," Mahmud alisema, akigeuza ufunguo, "ni wewe na taifa."

*

Magunga ilikuwa na hewa nzuri, vilima vya Ruma kwa mbali, na watu ambao hawakuwahi kumwona. Gari la mkaa lilimshusha barabarani, na kutoka barabarani mpaka shuleni alitembea. Bega moja lilivimba, akahamishia la pili, la pili nalo likavimba.

Mwalimu aliyempokea alikuwa kijana mchangamfu, jina lake Wesley. Walikitundika chuma pamoja, wakakaza waya. Mwalimu akachukua nyundo, akaipiga kengele kwa mara ya kwanza.

Ngaaa!

Watoto wakatoka mbio kila upande. Wazazi wawili watatu waliokuwa wakipita wakasimama. Mwenye duka la ng'ambo akatoa kichwa. Watu wakaanza kukusanyika, wakikitazama kile chuma kwa macho yaleyale ambayo Jacktone aliyafahamu vizuri kuliko jina la baba yake, na vidole vyake vikaanza kuwasha kana kwamba vimeshika brashi.

"Lakini hii ni reli kabisa," Mwalimu Wesley alisema, akiipapasa. "Kwani kumbe zamani reli ilipita hapa?"

Watu wakasogea kusikia jibu. Jacktone akatazama soko, akatazama nyumba zenye kuta nzuri, safi, zisizo na hata alama moja. Akafungua mdomo. Kisha mkono wake, wenyewe tu, ukapanda mpaka begani, ukagusa mahali palipovimba.

"Hapa haikupita, mwalimu," alisema. "Ilipita juu yangu mimi. Chakula kiko tayari?"